Mafundo kwenye Kamba ya Roda

Haya alinisimulia Lusubilo, mtoto wa marehemu dada yangu, mwezi wa saba mwaka jana, katika zile siku tatu alizokaa kwangu tukichambua kahawa kichanjani. Lusubilo ni sajenti wa upelelezi pale Tunduma. Si mtu wa maneno mengi, ila mikono yake ikipata kazi ulimi nao hulegea. Alianzia Jumanne asubuhi, alipofika Ihanda kwa mama Roda na jalada kwapani.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Mlikuwa na malalamiko ya Clement, mtoto mkubwa wa Roda, kwamba nesi Judith wa zahanati alikuwa akimchoma mdogo wake Kalisti sindano za maji, dawa yenyewe akiivusha mpaka kwenda Nakonde kuiuza. Mlikuwa na kitabu cha Judith cha sindano, ndani ya bahasha. Na mlikuwa na barua ya maabara ya hospitali, nayo ndiyo iliyomweka Judith pabaya. Usaha wa Kalisti ulioteshwa kwenye sahani, ukatiwa dawa ile ile, bakteria wote wakafa. Sasa kama dawa inawaua sahanini, mbona mguuni hawafi? Ijumaa kamati ya nidhamu ingekaa. Judith alikuwa ameshasimamishwa kazi; Ijumaa angefukuzwa, na jalada liende kwa mwendesha mashtaka.

Clement alimpokea getini, gamubuti miguuni, mikono inanuka maganda ya kahawa.

"Karibu afande. Umechelewa kuja, lakini karibu."

"Asante. Nieleze ulichokiona, si ulichokisikia."

"Nilimwona kwa macho haya. Anachukua kichupa, anavuta maji kwenye bomba la sindano, anayaingiza kichupani, anatikisa. Halafu anamchoma mdogo wangu. Maji, afande!"

"Dawa ile ni unga, Clement. Haichomwi mpaka ichanganywe na maji yake."

Clement akapangusa mikono kwenye suruali. "Haya, tuseme ni unga. Mzunguko wa kwanza siku kumi na nne, kidonda kikakauka, kikarudi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu daktari akaongeza dozi mara mbili. Dawa mara mbili, usaha ule ule! Hiyo ni dawa gani?"

"Katika mizunguko yote, kuna siku nesi alikosa kumchoma?"

"Hakuna. Kila siku alikuja." Alijibu haraka, macho yakiwa kwenye tangi la kahawa. "Ndiyo maana nasema ni maji."

Lusubilo akaandika jibu hilo na kulipigia mstari. Asubuhi ile ile, kabla hajapanda pikipiki, alikuwa amesoma kitabu cha Judith. Katika mzunguko wa tatu, siku ya sita na siku ya saba, hapakuwa na alama ya sindano. Paliandikwa kwa kalamu nyekundu: nimerudishwa getini. Lakini kitabu ni cha mtuhumiwa mwenyewe, angeweza kuandika lolote. Hakumwambia Clement neno.

Ndani, Kalisti alikuwa amekaa kitandani, mguu juu ya mto. Alikuwa dereva wa bodaboda Tunduma mpaka lori lilipombana kwenye foleni ya mpakani, miaka miwili nyuma. Mfupa wa ugoko ulivunjika, wakamwekea chuma na skrubu. Mfupa ukaunga vizuri. Halafu ngozi juu ya chuma ikafumuka, na tangu hapo mguu unatoa usaha.

"Afande, umekuja kunikamata au kuukamata mguu?"

"Mguu. Wewe utakuwa shahidi."

Kalisti akacheka, kisha akakunja uso kwa maumivu. Mama yake, Roda, alikuwa amepiga magoti anafungua kitambaa kilicholowa. Alikikunja, akakiweka kwenye beseni, akamfunga kipya. Halafu, mikono yenyewe ikienda bila kuangaliwa, akashusha kamba ya mkonge iliyoning'inia msumarini, akafunga fundo moja, akairudisha.

"Mama, hiyo kamba ni ya nini?"

"Ya vitambaa, baba. Kila nikibadilisha kimoja, fundo moja. Daktari aliniuliza, eti usaha unazidi au unapungua? Nikashindwa kumjibu. Niliona aibu! Mimi na kahawa, naijua ya kila mvunaji ni debe ngapi, maana kila debe nafunga fundo. Mwanangu mwenyewe nishindwe?"

"Daktari aliiona?"

"Hakuuliza tena."

Lusubilo aliishusha kamba kwa mikono miwili. Ilikuwa ndefu, ingemzunguka mtu kiunoni mara nyingi. Kati ya siku na siku Roda aliacha nafasi ya vidole viwili. Siku sindano zilipoanza alifunga uzi mwekundu, siku zilipokwisha uzi mweupe. Aliipitisha vidoleni polepole, kama tunavyotafuta mawe kwenye mchele. Karibu na mwisho akasimama. Akarudi nyuma, akapapasa tena.

"Haya mafundo si yako, mama. Yako yamezungushwa mara mbili. Haya ya siku tatu yamefungwa mara moja tu."

Roda akaangua kicheko. "Huyu mtoto ana macho! Nilikwenda msibani Nakonde, kwa mke wa kaka yangu. Nililala siku tatu. Kamba nikamwachia Kalisti."

"Siku gani za mzunguko?"

"Hapo uliposhika ni siku ya sita, ya saba na ya nane."

Kalisti alikuwa anautazama mto. Clement alikuwa amesimama mlangoni, na sasa akatoka.

Lusubilo aliiweka kamba kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika tarehe na saa, akampa Roda karatasi ya kupokelea aitie kidole. Roda akauliza kitu kimoja tu: "Na leo nitafunga wapi?" Ikabidi akatiwe kipande kingine cha mkonge.

*

Judith alikuwa kwao, nyumba ya tatu kutoka zahanati, anachambua maharage. Alinyanyuka haraka, ungo ukamponyoka.

"Kaa, dada. Nina swali moja. Nani alikurudisha getini?"

Akakaa. Akaokota maharage mengi kwanza.

"Clement."

"Kwa nini?"

"Alisema sindano zangu zinamuua mdogo wake. Siku ya pili nilimwomba, nikamwambia dozi haikatishwi, dawa itashindwa. Akaanza kulia, afande. Mtu mzima, ameshika geti, analia. Siku ya tatu akaniruhusu mwenyewe. Hakuongea, alifungua tu."

"Mbona hukusema ulipohojiwa?"

"Nimeandika kwenye kitabu. Kusema kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye aliyekatisha dawa ya mdogo wake..." Akatikisa kichwa. "Yule kijana anampenda ndugu yake kupita kiasi. Kosa lake ni hilo tu."

"Kitabu chako hakiwezi kukutetea, unalijua hilo?"

"Najua."

"Vichupa vitupu vimetimia. Lakini kamati itasema ulimchoma nusu, nusu ukauza."

"Watasema hivyo," Judith akajibu, na machozi yakamdondoka ungoni. "Na sindano ikishaingia mwilini, afande, shahidi ni nani?"

Lusubilo aliniambia kwamba swali hilo lilipanda naye pikipiki, likamfuata mpaka Tunduma.

*

Sasa, pale Tunduma kuna mwalimu wa hisabati wa sekondari anaitwa Brenda, ambaye anasomea shahada yake ya pili huku anafundisha. Lusubilo alimfahamu kwa kesi nyingine. Kazi anayoiandikia shahada ni hii: kupiga hesabu jinsi dawa inavyopenya kwenye utando wa bakteria. Alimkuta Jumatano mchana, amefunga dirisha kwa sababu ya honi za malori.

"Sitakuambia habari yoyote," Lusubilo akasema. "Hii ni kamba. Fundo ni kitambaa kimoja cha usaha, nafasi ya vidole viwili ni siku mpya. Uzi mwekundu, sindano zinaanza. Mweupe, zinakwisha. Mzunguko wa tatu dozi mara mbili. Mguuni mna chuma. Basi."

"Afande unanitega."

"Ndiyo."

Brenda akacheka, akavuta kiti. Kwanza akamwonyesha bilauri mbili zilizokuwa dirishani. Ndani mlikuwa na uji wa wanga wa muhogo ulioganda. Juu ya mmoja alikuwa amemwaga ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Juu ya wa pili ayodini mara mbili.

"Ayodini ikigusa wanga inakuwa nyeusi, na inashikwa pale pale. Tazama imefika wapi."

Katika bilauri ya kwanza weusi ulishuka upana wa kidole, ukaishia. Katika ya pili ulizidi kidogo tu, si mara mbili.

"Dawa haina macho. Inasambaa tu, kutoka penye nyingi kwenda penye chache. Unene ukizidi mara mbili, muda wa kupita unazidi mara nne. Na njiani inaliwa. Bakteria wakishika chuma wanajifunika utando, utelezi fulani. Mwembamba, hata ukucha ni mnene kuliko huo. Lakini kwao ni nyumba yenye kuta nyingi. Chukua kila ukuta unapitisha nusu ya dawa iliyoufikia. Nusu, nusu ya nusu, nusu ya hiyo. Ukiongeza dozi mara mbili, unavuka kuta ngapi zaidi?"

Lusubilo akahesabu vidoleni. "Mmoja."

"Mmoja tu. Wa chini kabisa wamelala, dawa haiwafikii. Ikikatika wanaamka, wanajenga upya."

"Na sahanini?"

"Sahanini hawakuwa na utando. Walikuwa uchi."

Hapo Lusubilo akakumbuka kahawa. Ameoga utotoni mwake kwenye tope la mashine ya kumenyea kahawa, huyo. Anaijua kahawa iliyomenywa, ilivyo na utelezi. Ukiimwagia maji, maji yanapita juu. Ni mpaka uivundike, uikanyage, uisugue kwa miguu.

Brenda alisoma kamba saa mbili nzima, anapapasa, anaandika namba, anachora. Mara mbili alifuta mstari wake na kuanza upya. Mwishoni akasukuma karatasi mezani.

"Kama angechomwa maji, kamba ingesema sita, sita, sita, mpaka mwisho. Haisemi hivyo. Mzunguko wa kwanza inashuka kutoka sita mpaka mawili, ikagoma pale. Wa pili vivyo hivyo."

"Na kama angechomwa nusu?"

"Nusu ni ukuta mmoja pungufu. Ingegomea matatu. Na ule wa tatu, wenye dozi mara mbili, kamba imeshuka mpaka fundo moja. Fundo hilo moja lililopungua ndiyo dozi iliyoongezwa. Aliyechoma alichoma yote, afande. Isipokuwa..." Akaweka kidole. "Hapa sijui. Siku ya sita mafundo mawili, ya saba manne, ya nane matano, ya tisa matatu, kisha inashuka tena. Ama aliyefunga amekosea, ama dawa haikuingia. Nimejaribu kwenye hesabu kuzima dawa siku zote, moja moja, mbili mbili. Mstari unapita juu ya mafundo pale tu ninapozima siku ya sita na ya saba."

Hapo Lusubilo akatoa bahasha, akafungua kitabu cha Judith mahali pa kalamu nyekundu. Brenda alisoma, akaweka kiganja mdomoni.

"Ulikuwa unajua!"

"Kitabu kilijua. Nilitaka mtu mwingine aseme, ambaye hajakiona." Akainamia karatasi. "Mwalimu, zijaze zile siku mbili. Tuseme alichomwa. Mwisho unakuwaje?"

Brenda akachora mstari mwingine kwa penseli. Ulishuka taratibu bila kupanda, ukafika fundo moja, ukagoma pale pale ulipogoma ule wa kwanza.

"Sawasawa," akasema. "Hazikubadilisha kitu. Lakini afande, hesabu yangu haiapi mahakamani. Nimekisia mengi."

"Haitaapa peke yake. Niandikie na huo wa penseli."

*

Alhamisi aliwakuta wote watatu chumbani kwa Kalisti. Aliitandaza kamba kitandani, akaanza na Roda, kwa maneno ya kahawa. Roda alikuwa anaitikia kwa kichwa.

"Kumbe chuma kimeota utelezi," akasema. "Basi kimwagiwe dawa ya nini, si kisuguliwe? Nani anaosha kahawa kwa kunyunyizia?"

"Ndivyo alivyosema daktari wa mifupa nilipompigia jana. Anasema ndicho alichokihofia. Anataka kuufungua mguu, akitoe chuma, asugue mfupa, ndipo dawa ifuate."

Kisha akamgeukia Clement, na sauti yake haikupanda.

"Kamba hii inasema Judith alichoma dawa, yote, siku arobaini. Mbili haikuingia. Wewe uliniambia alikuja kila siku."

"Alikuja," Clement akasema.

"Kaka," Kalisti akasema. "Mwambie. Nilikusikia getini. Na mafundo niliyafunga mimi."

Clement alikaa chini sakafuni, gamubuti zake mbele yake. Akazungumza na hizo gamubuti.

"Nilimrudisha. Siku mbili. Halafu nikasikia akisema dozi ikikatishwa dawa inashindwa. Kila nikiuona ule usaha nasema, ni mimi. Ni mimi nimeuoza mguu wa mdogo wangu. Nikaona bora awe yeye. Afande, bora mtu yeyote awe, si mimi."

Roda akafumba macho. Nje kahawa ilikuwa inabubujika kwenye tangi.

Lusubilo akatoa karatasi ya Brenda, akachuchumaa sakafuni, akaiweka juu ya goti la Clement.

"Tazama hapa. Mstari wa kalamu ndio uliotokea. Huu wa penseli ndio ungetokea kama usingefunga geti. Imeishia wapi?"

Clement akafuata mstari mmoja kwa kidole, akafuata wa pili. Akarudia.

"Pamoja," akasema.

"Pamoja. Mguu haukuozwa na wewe. Ulikosea, usirudie tena, lakini hukuuoza. Sasa kesho saa tatu kamati inakaa, na mimi siwezi kuwasomea kamba. Nataka mtu aseme kwa mdomo."

Clement alilia muda mrefu. Kalisti alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akamshika sikio, akalivuta kama wanavyofanyiana watoto.

"Dereva wangu ni nani kesho? Au niende na mguu mmoja?"

Ijumaa Clement alisema yote mbele ya kamati, amesimama, kofia mkononi. Alipomaliza akamgeukia Judith na kupiga goti. Judith akamwinua kwa kiwiko: "Inuka, kaka, unachafua suruali." Kamati ikaiweka barua ya maabara kando, ikasubiri upasuaji. Wiki iliyofuata daktari akapiga simu. Chuma kilipotoka kilikuwa na utando wa utelezi chini yake, upande ule uliolalia mfupa. Siku hiyo hiyo Judith akarudishiwa kitabu chake cha sindano.

*

Wiki tano baadaye, kesi imefungwa, Lusubilo alipita Ihanda kurudisha kielelezo kwa mwenyewe. Alikuwa ametoka lindo la usiku mpakani, macho mazito. Ilikuwa saa saba mchana, jua limekaa juu ya vichanja. Alikutana na Judith anatoka na kikapu chake cha vifaa; Judith akaweka kidole midomoni, akamwonyesha ndani, akapanda pikipiki ya kumpeleka kwa mgonjwa mwingine.

Kalisti alikuwa amelala ubavu, ule ambao mwaka mzima hakuweza kuulalia. Clement alikuwa ameosha kahawa tangu alfajiri. Usingizi ulimkuta barazani, mgongo kwenye gunia, mdomo wazi. Roda peke yake alikuwa macho, kwenye mkeka, na kitambaa cha asubuhi mapajani. Alikigeuza pande zote mbili, akampa Lusubilo naye akigeuze. Kilikuwa kikavu, cheupe, kimenyooka kama kilivyotoka juani.

"Tangu juzi," akanong'ona.

Lusubilo akampa kamba. Roda aliipokea, vidole vikatafuta mwisho wa mafundo, vikaunganisha pale kile kipande alichokatiwa. Akapima nafasi ya vidole viwili. Akapima tena, na tena, siku tatu, pasipo kufunga. Kamba laini.

"Kaa, baba," akasema. "Nitakuchemshia chai sasa hivi."

Lakini hakuinuka. Alijiegemeza ukutani na kamba mkononi, na kabla neno lingine halijamtoka, alikuwa amelala. Lusubilo aliniambia hakutaka kutoka, maana ubao wa mlango ule hulia. Akavua viatu, akakaa kwenye pembe ya mkeka kusubiri, akiwasikiliza watatu wale wakipumua. Kichwa kikainama. Akalala na yeye.